Tumbo la Kuazima

Kitasa bado kimo mkononi mwa Huguette. Nesi amemwambia maneno matatu tu, "Ingia peke yako," na kwa maneno hayo ndugu msomaji amelala na wasiwasi wiki nzima. Kwa nini peke yake? Kwa nini dada yake Julienne, ambaye ndiye mwenye kiu ya mtoto, aambiwe abaki kwenye benchi?

Huguette alijua kwa nini. Au alidhani anajua. Katika Durban ya mwaka ule wa 1998, mtu akipimwa damu kisha akaitwa na daktari peke yake, hakuwa na haja ya kuelezwa zaidi.

Akausukuma mlango.

"Keti, dada," alisema nesi Zubeida.

Zubeida alikuwa mzaliwa wa Chatsworth, wa wale Waislamu ambao mababu zao waliletwa Durban kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Kiswahili alirithi kwa bibi yake, na pale klinikini ndiye aliyekuwa mdomo na masikio ya kila Mkongo aliyepanda kilima cha Berea kutafuta tiba.

Daktari, mama wa Kihindi mwenye miwani, alikuwa amewapa mgongo. Alikuwa anatazama picha iliyobandikwa kwenye kioo chenye taa.

"Ni SIDA?" Huguette aliuliza kabla hajakaa. "Ukimwi? Niambie tu, dada. Nimezika wengi. Niambie."

Daktari aliielewa sauti hata kabla ya tafsiri. Akageuka upesi, akatikisa kichwa.

"Hapana!" Zubeida alisema. "Damu yako safi. Hakuna ukimwi, hakuna kaswende, hakuna homa ya ini."

Huguette alianguka kitini kama mzigo. Akacheka. Akalia. Akacheka tena, huku machozi yakimwingia mdomoni.

"Basi nimepita! Nitambebea yaya wangu, dada yangu mkubwa, mtoto!"

Hakuna aliyecheka naye.

Daktari aliongea polepole, na Zubeida akamfuata nyuma kwa Kiswahili.

"Anasema mwanamke wa kumbebea mwenzake mimba anapimwa vitu vingi. Umri wako unafaa. Umekwisha kuzaa, na mtoto wako yu hai, maana hatumchukui mwanamke ambaye mwili wake haujawahi kujaribiwa. Presha huna. Sukari huna. Kizazi chako hakina kovu wala uvimbe. Hata yule mama mshauri aliyezungumza nawe kasema akili yako imetulia, na unaelewa kwamba mtoto atakayetoka hatakuwa wako."

"Donc? Kwa hiyo?"

"Umebaki moyo."

"Moyo wangu una nini?"

"Utotoni, uliwahi kuumwa homa, magoti na viwiko vikavimba?"

Huguette alishangaa. Ndiyo, alikuwa mdogo, Uvira, hata shule bado. Bibi yake alimkanda magoti kwa mawese mpaka akapona. Watoto wote wa mtaa walikuwa wanaugua hiki na kile. Nani aliyekumbuka?

"Homa ile ilitoka magotini ikahamia moyoni," Zubeida alitafsiri. "Moyo una milango. Wako mmoja umekakamaa, haufunguki vizuri. Damu inapita kwa kujipenyeza."

"Lakini mimi ni mzima! Nasuka watu nywele kutwa, nimesimama."

"Na ngazi?"

Nyumba yao pale Albert Park ilikuwa ghorofani, na kila alipopanda alisimama njiani akijifanya anatafuta ufunguo. Alikuwa amejiambia ni joto la Durban, hewa nzito ya bahari. Mwezi ule ulikuwa Julai, na joto halikuwepo.

Daktari alivua miwani. Safari hii alimtazama usoni.

"Mwenye mimba huongezeka damu, karibu nusu ya aliyokuwa nayo," Zubeida alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Moyo huu hautaweza kuisukuma. Damu itarudi mapafuni. Utazama, dada, ukiwa kitandani, katika chumba kikavu. Anasema jibu letu ni hapana. Si kwa dada yako tu. Hata mimba yako mwenyewe, usithubutu. Kuna wapasuaji wanaoweza kuupanua mlango huo, tutakuandikia uende. Lakini mimba, hapana."

"Nilimzaa Larissa!" Huguette alisimama. "Mtoto wangu ana miaka minne! Mbona sikufa?"

Daktari aliinama mbele. Akauliza swali moja.

"Anataka kujua ulizaaje."

Huguette alifungua mdomo, na hapo ndipo kumbukumbu iliyokuwa imelala ikaamka. Aliona chumba cha hospitali, Uvira. Aliona amekalishwa wima kwa mito, maana akilala pumzi inakatika. Aliona povu jekundu kwenye kitambaa alichopewa afutie mdomo. Kisha giza. Kisha Julienne akiwa amempakata mtoto mchanga, akisema: Ni malaria, mdogo wangu. Malaria kali. Imepita.

"Yaya aliniambia malaria," Huguette alisema kwa sauti ndogo.

"Haikuwa malaria," alisema daktari, naye Zubeida akatafsiri bila kumtazama. "Aliyekutibu siku ile lazima aliona. Na lazima alimwambia mtu wa nyumbani kwako. Nani alikuwa nawe?"

Huguette aligeuka akautazama mlango. Nyuma ya mlango huo, kwenye benchi, ndiko alikokuwa amekaa yule mtu.

* * *

Julienne alisimama mara tu alipomwona. Alikuwa mwanamke mrefu, amefunga kitambaa cha kitenge kichwani.

"Damu?"

"Damu safi."

"Aksanti Yesu!" Julienne alipiga magoti palepale koridoni, mbele ya wagonjwa. "Aksanti Bwana! Nilijua! Nilifunga na kuomba, nilijua!"

Huguette alimtazama akiwa chini. Huyu ndiye aliyemnyoa nywele alipokuwa na chawa. Huyu ndiye aliyemfundisha kusoma.

"Yaya, simama. Tutoke."

Waliteremka mpaka kwenye roboti, zile taa za njia panda, ikawa nyekundu, wakasimama. Malori yalikuwa yanapita kuelekea bandarini.

"Yaya, siku niliyomzaa Larissa, dokta wa Uvira alikuambia nini?"

Julienne hakuuliza, "Kuhusu nini?" Hakuuliza, "Kwa nini?" Alisema:

"Nani amekuambia?"

Taa ikawa kijani. Watu wakavuka. Wao hawakuvuka.

"Kumbe ulijua," Huguette alisema.

"Huguette..."

"Ulijua! Alikuambia nisizae tena?"

Julienne alifunika mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalipenya katikati ya vidole. "Alisema moyo iko mgonjwa. Alisema mimba ingine itakuua. Nikasema bon, sawa, bwana yako yupo, nitamwambia yeye. Kisha vita ikaingia, bwana yako akapotea. Nikasema hakuna haja tena ya kukutisha."

"Na mwaka huu? Nilipokuambia nitakubebea mimba? Ulikuwa na mdomo, yaya. Mbona haukusema?"

"Nilifikiri huku kuna madokta wakubwa. Nilisema hao watapima. Kama ni mbaya, watakataa wao." Julienne alikuwa analia sasa, bila sauti. "Nilitaka wakatae wao, Huguette. Mimi nilishindwa. Vraiment, kweli, nilishindwa kukataa kwa mdomo wangu."

Huguette alitaka kumpiga kofi. Mkono ulinyanyuka kabisa. Ukabaki hewani, kisha ukashuka wenyewe, kwa sababu aliliona shamba la mahindi.

Msomaji aliyetufuata tangu mwanzo analijua shamba hilo. Asiyelijua, na asikie. Oktoba 1996 walikuwa wanakimbia kusini mwa Uvira, Huguette amembeba Larissa mgongoni, Julienne ana mimba ya miezi mitano. Mbele kulikuwa na bariyeri, kizuizi cha barabarani, na askari. Mtoto akaanza kulia. Julienne alimsukuma mdogo wake ndani ya mahindi, akasema, "Usitoke hata ukisikia sauti yangu," kisha akaenda yeye barabarani, mikono juu, akiita kwa nguvu ili wasisikie kilio cha mtoto.

Huguette aliisikia sauti ya dada yake. Hakutoka.

Walipovuka ziwa na kufika Kigoma, madaktari walimtoa Julienne kizazi ili kuokoa roho yake. Mimba ilikuwa imekwisha kutoka njiani. Mayai yake yalibaki salama, walimwambia, kama mtu anayeambiwa nyumba imeungua lakini ufunguo upo.

Ndiyo maana Huguette alipokuja kusikia kwamba Durban kuna madaktari wanaoweza kuchukua yai la mwanamke mmoja na kulilea ndani ya mwingine, hakusubiri kuombwa. Alijitoa mwenyewe.

Mkono uliokuwa umenyanyuliwa kumpiga Julienne ukamshika bega.

"Twende nyumbani," alisema. "Shemeji anarudi sasa hivi."

* * *

Désiré, mume wa Julienne, aliingia na harufu ya dizeli ya magodauni ya Clairwood, alikoendesha mashine ya kupakia mizigo. Alikuwa na mabega mapana na kicheko cha karibu, na hakuwa mtu mbaya, nakuapia. Lakini mama yake alikuwa anapiga simu kutoka Bukavu, na kila simu ilikuwa na jina la msichana wa kumzalia mtoto. Mara ya mwisho mama hakuomba tena. Alisema msichana amekwisha kutolewa posa, na kama mwana hataki kuona aibu, amlete Durban kabla ya Noeli.

Julienne aliyajua yote hayo. Simu ya mwisho aliipokea yeye.

Fufu ya muhogo ilikuwa mezani, na ndagala, dagaa wa kwao. Larissa alikuwa ameketi juu ya goti la Désiré kama kawaida yake, anamvuta masikio.

"Bon," Désiré alisema. "Niambieni. Dokta amesema nini?"

Huguette alimtazama dada yake. Alisubiri. Akasema moyoni: Mwambie, yaya. Safari hii mwambie wewe.

Julienne alimega fufu. Akaiviringa mkononi muda mrefu.

"Wamekataa," alisema.

Huguette alishusha pumzi.

"Wamekataa?" Désiré alimweka mtoto chini. "Juu ya nini?"

"Juu ya makaratasi. Wanasema sisi ni wakimbizi, hawafanyi kazi hiyo kwa wageni." Julienne hakupepesa jicho. "Huguette hana tatizo. Damu iko safi. Presha iko sawa. Mwili wake wote mzima."

Ndugu msomaji, Huguette alikirudisha kipande cha ndagala sahanini.

"Wageni!" Désiré alipiga meza. "Eish! Kila siku wageni! Tukifanya kazi hatuko wageni?" Alisimama, akazunguka chumba, akasimama tena. "Sikilizeni. Kule kazini iko mtu mmoja, bibi yake alipata mtoto kwa dokta wa Pinetown. Ule hana maswali mingi. Haulizi makaratasi. Kesho naomba ruhusa, tunaenda."

Akamwendea Huguette, akamshika mikono yote miwili.

"Shemeji, utakubali? Usichoke na sisi. Nakuomba."

Lilibaki neno moja tu. Moyo. Angelitamka, kila kitu kingesimama. Msichana wa Bukavu angekuja, Julienne angefungasha nguo zake, na Désiré angejua ni mwanamke wa namna gani aliyelala naye miaka yote.

"Sijachoka," Huguette alisema.

Désiré alimbusu mikono. Larissa alipiga makofi bila kujua anachoshangilia.

Jikoni, maji yakiwa yanatiririka kwenye sinki ili wasisikike, Julienne alimshika mdogo wake kiwiko.

"Nikatalie," alinong'ona. "Sema hapana. Nasikia ile kitu nimefanya, nasikia kama moto. Sema hapana, Huguette, mimi nitanyamaza."

"Wewe ndiye ulisema uongo. Wewe ndiye ulisema hapana ni ya makaratasi. Sasa unataka mimi ndiye nikuvunjie nyumba?"

"Siwezi kukuomba ufe."

"Lakini hukunikataza."

Maji yalitiririka. Julienne alifungua bomba zaidi.

"Nikifa," Huguette alisema, "Larissa?"

"Nitamlea kama wangu. Atalala chumba changu, nitampeleka shule ya masista, sitamtofautisha na ule mwingine hata siku moja."

Jibu lilikuwa zuri. Jibu lilikuwa la dada. Ila lilikuja upesi mno, na lilikuwa na chumba ndani yake, na shule, na mtoto mwingine. Huguette alielewa, akiwa na sahani yenye povu mkononi, kwamba Julienne alikuwa amekwisha kuifikiria siku hiyo. Si jana, si leo. Zamani.

Aliisuuza sahani. Akaiweka mahali pake. Kifua kilimbana, akakiachia kibane.

* * *

Kliniki ya Pinetown ilikuwa juu ya duka la matairi. Hapakuwa na benchi la wagonjwa, hapakuwa na nesi. Kulikuwa na daktari mwembamba mwenye sauti laini, aliyewakaribisha wote watatu kwa pamoja na kuwapa viti kana kwamba wamekuja kwenye harusi.

Aliuliza kwa Kiingereza, na Huguette, ambaye saluni ilikuwa imemfundisha Kiingereza cha kutosha, alijibu mwenyewe.

Umezaa? Ndiyo. Yu hai? Ndiyo, anaitwa Larissa. Ulipasuliwa? Hapana. Presha? Sukari? Kifafa? Hapana, hapana, hapana. Unavuta sigara? Sijawahi.

"Na moyo?" daktari aliuliza. "Umewahi kuambiwa moyo wako una shida?"

Désiré alitabasamu, akingoja hapana nyingine.

Huguette hakumtazama Désiré. Alimtazama Julienne. Aliona midomo ya dada yake inafunguka, aliona mshipa wa shingo umesimama, aliona neno limefika kwenye meno. Julienne alikuwa karibu kusema. Nakuhakikishia, alikuwa karibu.

Kisha midomo ikafungwa.

Yule dada aliyekwenda barabarani mikono juu alibaki kule kwenye mahindi ya Uvira, na hapa Pinetown alikuwa ameketi mwanamke mwingine, amevaa kitambaa chake.

"Hapana," Huguette alisema. "Moyo wangu hauna shida."

Uongo huo ulikuwa wa kwake sasa. Hakuna aliyemlazimisha. Alijisikia mwepesi na baridi, kama mtu aliyekwisha kuaga.

"Hebu tusikilize kidogo," daktari alisema. "Ni desturi tu."

Akavaa vipira masikioni, akamwomba afungue vifungo viwili. Chuma cha baridi kiligusa kifua. Daktari aliinamisha kichwa. Akasikiliza. Akakihamisha chuma chini ya titi la kushoto, na hapo akasimama.

Akasikiliza tena. Palepale.

Uso wake ulibadilika. Huguette aliujua uso huo, kwa kuwa ndio aliouona Berea, siku daktari yule mama alipokuwa anasikiliza palepale. Amesikia, alisema moyoni. Amesikia, atakataa. Na hapo, msomaji, yule aliyekuwa amekwisha kuaga aligundua kwamba anataka kuishi. Alimwona Larissa anavuta masikio ya Désiré. Aliomba kwa roho yake yote: Kataa, dokta. Kataa, mimi nimeshindwa.

Daktari alivua vipira masikioni. Alimgeukia Désiré, na sauti yake ilikuwa laini kuliko mwanzo.

"Moyo mzuri sana," alisema. "Alhamisi tunaanza sindano."

Désiré aliruka kutoka kitini. Julienne alijifunika uso kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyeweza kujua kama anashukuru au anaomboleza.

Katika kelele hiyo daktari alimwinamia Huguette, akaanza kumfungia vifungo vyake kwa mikono yake mwenyewe, kimoja, kisha cha pili, kama baba anayemvisha mtoto. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio.

"Najua ulichonacho humo ndani," alinong'ona, na safari hii hakusema Kiingereza. Alisema Kiswahili, Kiswahili kilekile cha Uvira. "Hukunikumbuka, Mama Larissa? Hata dada yako hanijui bila ndevu. Mimi ndiye niliyekuzalisha."